Nia ya Kondoo

Jumatatu, 9 Machi 1998

Kidonge, maji ya uvuguvugu, kisha kungoja. Chai baadaye. Wambui ameshazoea kuniona nimekaa kitandani na kikombe kitupu. Ni Mkenya, wa Nakuru, tunaishi chumba kimoja cha bweni hapa Uchina tangu mwaka wa kwanza, na anadhani dawa hii ni ya kuongeza damu. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Kuta zinatoka jasho tena. Nguo nilizofua Ijumaa bado mbichi na zimeanza kunuka.

Vidonge vya nyumbani vinakaribia kwisha. Mama ameandika kuwa famasi za Unguja hazina, anasubiri vya kutoka Dar. Mwisho wa barua ni ule ule: jambo la shingo yako lisitoke nje. Wanajua yeye na Baba, basi. Anaamini msichana mwenye ugonjwa wa maisha haposwi. Zamani nilimcheka. Sasa namtii hata asiponikumbusha.

Jumamosi, 14 Machi

Hospitali, peke yangu. Sikutaka mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni anisindikize, akae pale akisikiliza.

Daktari Liang ni mwanamke mfupi anayesema kwa haraka. Kanishika shingo kwa vidole viwili, kaniambia nimeze mate. Nikamweleza: tezi yangu ya shingo ni vivu, haitoi homoni ya kutosha, natumia vidonge tangu nikiwa skuli. Dawa ya nyumbani hawana. Wana ya kwao. Kimoja kila asubuhi na tumbo tupu, nirudi baada ya wiki sita nipimwe damu, ndipo atakapojua apandishe au ashushe.

Nimetoka pale karibu nikimbie kwa furaha.

Jumatano, 18 Machi

Nilifungua karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi. Nilitaka tu kujifunza jinsi wanavyoandika neno tezi. Mazoezi ya lugha.

Mstari wa pili: hutengenezwa kwa tezi za shingo, zilizokaushwa na kusagwa, za nguruwe, ng'ombe, kondoo. Kwa mpangilio huo. Nguruwe kwanza.

Nimekuwa nikivimeza tangu Jumapili.

Nilikwenda chooni nikajitapisha. Chai tu.

Alhamisi, 19 Machi

Nasoma kemia ya vyakula. Homoni hii naweza kuichora nikiwa nimefumba macho: pete mbili, iodini nne. Ya maabara na ya mnyama hazina tofauti, nalijua hilo kuliko watu wengi. Hukumu ya dharura naijua pia. Nilifundishwa chuo cha Kurani, kwenye mkeka, kabla sijajua hata kusoma saa. Mgonjwa ana ruhusa. Hakuna shekhe atakayenilaumu.

Kwa hiyo si dini. Ni kinyaa, nami nimekivika kanzu.

Leo sikumeza. Nilishika kikombe nikangoja kama kawaida, ili Wambui aone.

Alhamisi, 9 Aprili

Idi imepita. Nilikwenda msikitini, nikala tambi za kondoo na wanafunzi wenzangu wa Kisomali, nikarudi nikalala mpaka jioni. Nilisema nimechoka kwa kusali mapema.

Vya nyumbani vilikwisha tangu Machi. Vya hapa vimo ndani ya soksi.

Baridi. Wenzangu wamevaa mikono mifupi, mimi nimevaa sweta juu ya sweta. Uso umevimba asubuhi hadi kope zinakataa kufunguka vizuri. Tumbo limefunga. Nyusi zinapukutika kwa pembeni, nazichora kwa wanja. Sauti imekuwa nzito; katika simu Mama aliuliza ni nani huyu.

Lakini mwili nauvumilia. Akili ndiyo inayoniogopesha. Leo profesa aliniuliza swali jepesi. Nililisikia. Jibu nililiona likija kwa mbali, polepole, na kabla halijafika akamgeukia mwingine. Mimi niliyekuwa nikinyanyua mkono kabla swali halijaisha.

Jumatatu, 20 Aprili

Shangazi Rukia kafika kwa ajili ya maonyesho ya biashara. Ni dada yake Baba. Ana duka la mikoba ya kike Darajani, na kila mwaka mimi ndiye mdomo wake mbele ya Wachina. Husema hivyo mwenyewe: "Huyu mdomo wangu, msimkate maneno."

Alinishika mashavu pale pale mlangoni pa hoteli.

"Mwanangu, umejaa! Wanakulisha nini, hamira?"

Wote waliokuwa kwenye ngazi walicheka. Nami nilicheka. Kisha akanitazama tumboni, kidogo tu, akaondoa macho. Nilijua anahesabu nini.

Natamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 29 Aprili

Damu ilichukuliwa wiki iliyopita, majibu leo.

Daktari Liang aliyatazama, akanitazama, akayatazama tena. Akauliza kama nameza kila siku. Nikasema ndiyo. Na tumbo tupu? Ndiyo. Bila maziwa ya soya? Bila. Bila kuruka hata siku moja? Bila kuruka.

Nilijibu haraka kuliko nilivyojibu kitu chochote mwezi huu. Uongo tu ndio unaofika kwa wakati.

Akakunja uso. Akasema basi mwili wangu ni mgumu, kimoja hakiufikii. Akapandisha: vitatu kila asubuhi. Aliniandikia kwa mkono, tarakimu kubwa, akapigia mstari chini yake. Akanisikitikia. Alinipigapiga mkono, yeye asiyekuwa na muda wa mtu.

Nilikaa kituo cha basi nikaacha mabasi yapite. Mwanamke anafanya hesabu zake kwa uangalifu na mimi nimempa namba ya uongo aanzie. Katika maabara yetu mtu akifanya hivyo hufukuzwa.

Jumamosi, 9 Mei

Nimekwenda mji wa viwanda wa Shiling na Shangazi. Mji mzima ngozi na gundi. Njia nzima nililala, kichwa kikigonga dirisha la gari la kukodi.

Amechagua mkoba mweusi wenye kifungo cha dhahabu. Ameagiza mingi, kwa ajili ya harusi za baada ya mfungo sita. Laobani Chen, mwenye kiwanda, anasema Kichina cha shule kwa lafudhi ya Kikantoni, na nyuma yake cherehani zinanguruma. Shangazi aliufungua mkoba, akapitisha kidole ndani.

"Muulize hii bitana ngozi gani."

Nikauliza. Akaanza kueleza. Alieleza kwa kirefu, akionyesha kwa mikono. Nilikuwa nimesimama, macho wazi, nami sikuwepo. Nilizinduka alipokuwa ameshanyamaza na wote wawili wananitazama.

Ningeweza kusema: samahani, rudia. Maneno mawili. Lakini Shangazi alikuwa ameshaniona nikilala kwenye gari, nikilala juzi kwenye kiti cha hoteli, na nilijua anavyonitazama.

"Ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe kote?"

"Ng'ombe kote, Shangazi."

Akampa mkono laobani.

Jumapili, 10 Mei

Laobani alinipa mkoba mmoja wa sampuli, zawadi kwa mkalimani. Nimeuweka mezani. Siufungui.

Pengine ni ng'ombe kweli.

Jumanne, 12 Mei

Nimeufungua. Nimeipindua bitana chini ya taa ya meza. Vitundu vya vinyweleo vimekaa vitatu vitatu, kama pembetatu ndogo, kila mahali. Ngozi ya ng'ombe haiko hivyo. Tulifundishwa katika somo la ngozi na gundi, nilipata alama za juu.

Hata hivyo nilishuka chini kwenye simu ya bweni, nikapiga kiwandani. Msichana wa ofisini akajibu bila kufikiri, kama mtu anayetaja siku ya leo: nje ng'ombe, ndani nguruwe. Akaongeza kuwa bosi alishatueleza. Ni laini zaidi, haikwaruzi simu wala miwani.

Nilimshukuru. Kwa nini nilimshukuru?

Shangazi atawauzia mabibi harusi wa Unguja. Watatia humo vitambaa vyao, tasbihi zao, misahafu midogo. Siku mtu mmoja anayejua ngozi ataugeuza, Shangazi hatakuwa na jina tena Darajani. Na yeye atasema niliuliza, mtoto wa kaka yangu akaniambia ng'ombe.

Nimekataa kidonge kisipite kooni kwangu. Kisha nimemtia mnyama yule yule ndani ya mikoba ya mji mzima. Nimecheka peke yangu. Wambui akainua kichwa kutoka kwenye kitabu. "Sabra, uko sawa kweli? Si unishow kama kuna kitu?" Nikamwambia nimekumbuka kichekesho.

Bado hawajapakia. Wanashona mpaka mwisho wa mwezi. Ni lazima nimwambie. Nikimwambia la mkoba ataniuliza kwa nini, na jibu lake ni shingo yangu.

Jumatano, 13 Mei

Nilikwenda hadi mlango wa hoteli. Nikarudi.

Alhamisi, 14 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa anakula uji wa mchele chumbani kwake, kanga kiunoni, feni mbele ya uso. Nikasema, Shangazi, nina jambo. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Mwezi wa ngapi?"

"Si hivyo."

"Sabra, mimi nimezaa sita. Uso huo naujua. Nani? Mchina?"

"Shangazi, bitana ya mikoba ni nguruwe."

Feni ikageuka upande wa pili, ikarudi.

"Hebu rudia."

Nilirudia. Kisha nikasema yote, kuanzia mwisho kuja mwanzo, kwa sababu ndivyo yalivyotoka: ng'ombe, kulala, daktari, soksi, karatasi ya maelezo, tezi, Mama. Nilikuwa nikilia kwa ile sauti yangu mpya ya kiume, hata kilio kilinitia aibu.

Nilitegemea kofi. Aliuliza kwanza kitu ambacho sikukitarajia. "Tangu lini unaumwa?" Nikamwambia tangu kidato cha tatu. "Kaka yangu kanificha miaka yote hiyo?" Akatazama ukuta. Hilo lilimuuma kuliko mikoba, niliona.

Mikoba ikafuata. Alisimama.

"Mimi nikauze nguruwe Darajani, wewe unamkimbia nguruwe kwenye kidonge! Wallahi mwana wee, una akili gani? Bitana inabanduliwa. Wewe ukilala usiamke nakubandua na nini?"

Akakaa tena.

"Hiyo karatasi imeandika nguruwe peke yake?"

"Nguruwe, ng'ombe, kondoo."

"Wewe unajua kilichomo kwenye boksi lako ni yupi?"

"Hakuna anayejua."

"Basi weka nia ya kondoo. Piga bismillahi, umeze. Mungu akitaka kukuuliza, aniulize mimi."

Nilicheka, ute ukanitoka puani. Yeye hakucheka. Alinifungulia mlango. Akasema kiwandani atakwenda na mtu mwingine.

Jumamosi, 16 Mei

Kamchukua msichana wa Kichina wa hoteli, mwenye Kiingereza cha mapokezi. Shangazi Kiingereza chake ni cha kuhesabia. Wamekwenda Shiling hivyo hivyo, wawili wasioelewana, kwa sababu ni afadhali kuliko mimi.

Nimemeza. Vitatu, kama daktari alivyoandika. Nia ya kondoo. Havina ladha yoyote. Miezi miwili nimeogopa kitu kisicho na ladha.

Jumatano, 20 Mei

Jana nilihisi niko hai. Leo nimezidi kuwa hai. Moyo unadunda hadi shati linatikisika. Jasho. Vidole vinatetemeka, katika maabara nimeangusha chupa ya kipimo mbele ya darasa zima, na nilipoinama kuokota vipande nikajikata. Nimelala nikihisi godoro linapiga pamoja nami. Wambui amenishika mkono, akahesabu mapigo kwa saa yake, akaacha kuhesabu. "Hii si damu," akasema. "Wewe umekuwa ukinidanganya, eh?"

Nikamwambia. Ni wa pili. Hakusema kitu cha maana, alisema tu, "Pole, msichana," akaninyang'anya boksi.

Na najua sababu. Vitatu vilikuwa dawa ya mwili ulioshindwa na kimoja. Mwili huo haupo. Niliubuni mimi pale kwenye kiti cha hospitali. Uongo wangu umepimwa kwa miligramu na sasa naumeza kila asubuhi.

Ijumaa, 22 Mei

Daktari Liang. Nilisimama badala ya kukaa.

Nilikuwa nimeiandaa hotuba kwa Kichina kizuri, chenye maneno ya heshima. Ikapotea. Nikasema: sikumeza. Niliposema nameza, sikuwa nameza. Nilianza Jumamosi, vitatu.

Alivua miwani. Alikasirika kwelikweli. Akasema angeweza kuniua kwa kalamu yake na asingejua. Akasema moyo uliozoea kutembea haukimbizwi ghafla. Wagonjwa wengine wawili walikuwa ndani ya chumba, mmoja akimenya chungwa, wakisikiliza bila kujificha. Zamani ningekufa kwa aibu ile. Leo ilikuwa aibu ya kawaida, kama ya kuchanikiwa nguo.

Kisha akauliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa sababu ya nguruwe. Akafikiri kidogo. Akasema ipo ya maabara kutoka nje, hospitali hii hawana, mwakani labda. Hakunibeza. Alichukua kidonge, akakivunja kwa kucha ya dole gumba.

Siku tatu bila kitu. Halafu nusu. Baada ya wiki mbili kimoja. Kisha damu. "Safari hii," akasema, "nipe damu yako, usinipe maneno."

Jumanne, 9 Juni

Kimoja. Choo nimepata bila kuomba dua. Sweta moja limerudi sandukuni.

Nimemwandikia Mama kuwa Shangazi anajua. Barua sijaituma.

Shangazi ameongeza viza. Bitana zote zinabanduliwa, wanatia kitambaa. Hizi habari nimezipata kwa msichana wa mapokezi. Sijaitwa.

Alhamisi, 25 Juni

Damu imesomwa. Bado chini, lakini inapanda. Kimoja na nusu kuanzia kesho, kipimo tena mwezi wa nane. Daktari Liang aliuliza yale maswali yote tena, moja moja, bila kuruka hata moja, huku akinitazama machoni. Hataniamini kwa muda mrefu. Ni haki yake.

Mtihani wa mdomo umepita. Nilikuwa wa polepole. Mara mbili niliomba dakika ya kufikiri. Wamenipitisha, si kwa alama zangu za zamani. Imeniuma. Mimi bado ni mtu wa kujali alama.

Nilipotoka nilikuta ujumbe kwa mlinzi wa bweni, umeandikwa kwa mkono wa Shangazi: Jumamosi ya wiki ijayo nakwenda kukagua. Uje.

Hakuna salamu, hakuna mwanangu.

Jumamosi, 4 Julai

Shiling. Joto. Njiani sikulala. Shangazi alitazama dirisha lake, mimi langu. Katikati ya safari alinipa nusu ya mkate wake bila kugeuka.

Mikoba imepangwa juu ya meza ndefu, bitana ya kitambaa cheusi, imara. Shangazi aligeuza mmoja baada ya mwingine. Kwenye mfuko mdogo wa ndani akakuta kipande cha ngozi, cha kushikilia zipu, si kirefu kuliko kidole. Akakiweka chini ya pua yangu.

"Na hiki?"

Nikamuuliza laobani Chen. Akajibu huku akimpigia kelele fundi mmoja, na cherehani zikaanza zote kwa pamoja. Nilishika neno la mwanzo na la mwisho. La katikati lilikwenda.

Shingo ikapata joto. Laobani alikuwa ananitazama, Shangazi ananitazama, mafundi wa karibu nao.

Nikasema kwa Kichina: sikusikia, rudia. Akarudia, kwa haraka ile ile.

"Kasema nini?" Shangazi akauliza.

"Bado sijamwelewa, Shangazi. Namuuliza tena."

Akanitazama kidogo. Kisha akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Muulize," akasema. "Sina haraka."